Picha 36

Miaka ya 1980 filamu moja ilitoa picha 36, nasi tulizihesabu kama mchele wa mwisho wa mwezi. Tulikaa Forodhani, Zanzibar, mpaka jua lishuke na majahazi yapite, ndipo mtu abonyeze. Filamu ikiisha hupelekwa studio kusafishwa. Siku kadhaa baadaye bahasha hufunguliwa barazani, mbele ya kahawa chungu na wakosoaji wasiomwogopa mtu. “Bahari yako imelala upande, itamwagika!” Niliambiwa hivyo mara nyingi, na kweli mkono wangu ulikuwa mzito.

Uraibu huu wa kupiga picha kwa tusio mafundi ulifunguliwa na George Eastman. Kodak yake ya 1888 iliuzwa ikiwa na filamu ya picha 100 ndani. Ukizimaliza, uliirudisha kamera nzima Rochester, Marekani. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kwa dola 1.

Picha yangu iliyochekwa zaidi ilikata jengo la Beit al-Ajaib, pale Forodhani, nusu, ukabaki mnara wa saa peke yake. Desemba 2020 sehemu ya jengo iliporomoka, na mnara nao. Nikairudisha picha ile barazani. Wale wale wakaniomba nakala.