Ruiru Kumi na Moja: Kahawa Tuliyolima Bila Kuionja

Kuna watu hupanda ndege hadi kusini mwa Italia, wakakodi gari na kuendesha saa kadhaa mpaka mkoa wa Basilicata, kisa na maana ni kuonja waini ya mlima Vulture. Hawaendi Toscana, kule ambako kila mtalii ameshapiga picha. Vulture ni volkeno iliyolala, na miteremko yake hulimwa zabibu nyeusi iitwayo Aglianico. Kwa miaka mingi, mvinyo mwingi wa kusini mwa Italia haukuwa na jina. Ulipelekwa kaskazini kwa wingi, ukatiwa kwenye mvinyo wa wengine ili kuuongezea nguvu na rangi, kisha chupa ikabandikwa jina la mahali pengine. Leo jina Aglianico del Vulture linalindwa na sheria, na mgeni anafunga safari kulifuata.

Kisa hicho tunacho hapa nyumbani, ila chetu ni cha kahawa, na bado hakijafika mwisho mzuri. Kiko pembeni mwa Thika Road.

Ukanda unaoanzia Ruiru, ukapita Juja hadi Thika, kisha ukapanda kuelekea Githunguri na Gatundu, una udongo mwekundu wa asili ya volkeno, wenye kina kirefu. Ardhi iko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mito ya Ruiru, Ndarugu, Chania na Thika inaikata. Kahawa ya sehemu hii ya Kenya imesifiwa na waonjaji wa ng'ambo kwa vizazi. Wanasema ina uchachu safi, na mara nyingi hulinganisha ladha yake na waini. Wakitaja matunda, ni yale ya Ribena. Lakini muulize abiria yeyote wa matatu ya kwenda Thika. Atakwambia Ruiru ni fleti na bypass, Thika ni mananasi na viwanda. Na asubuhi ametoka nyumbani akiwa amekunywa chai.

Si kwamba Waswahili hawakujua kahawa. Pwani, kahawa chungu kutoka kwenye dele, pamoja na tende ama halua, ni desturi ya zamani, na hata neno mkahawa limetoka huko. Lakini kahawa ya bara ilikuja kwa njia nyingine. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda Bura, nchi ya Wataita, mwaka 1893. Baadaye wakaipanda St. Austin's, pembeni mwa Nairobi ilipokuwa ikianza. Miti iliyotokana na mbegu zao ikajulikana kama French Mission. Kutoka hapo ikasambaa kwenye mashamba ya walowezi, ardhi ambayo Wakikuyu wengi walikuwa wamenyang'anywa. Mwaka 1913 reli ilifika Thika, na gunia la kahawa likapata njia ya moja kwa moja hadi bandarini Mombasa. Wasomaji wa Kizungu wanaijua Thika ya siku hizo kupitia kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, cha 1959, kinachosimulia wazazi wake wakianzisha shamba la kahawa. Kwa hiyo Thika ikawa maarufu duniani, lakini kwa macho ya mwenye shamba.

Mchumaji hakuandika kitabu. Alilipwa kwa debe. Buni hukomaa kwa zamu kwenye tawi moja, nyekundu kando ya kijani, kwa hiyo lazima mkono uchague moja moja. Kazi hiyo ilifanywa hasa na wanawake na watoto. Mwaka 1921 walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, si mbali sana na Ruiru, alisimama kupinga. Katika malalamiko aliyoyabeba, kulikuwa na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Alikamatwa Machi 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Historia hiyo tunafundishwa kama siasa, na ni kweli. Lakini pia ni historia ya kahawa.

Mwafrika aliyechuma hakuruhusiwa kupanda. Serikali ya kikoloni ilitumia leseni na vikwazo, kwa kisingizio kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa na kurahisisha wizi. Miaka ya 1930 ruhusa ya majaribio ilitolewa kwa watu wachache Kisii, Embu na Meru, mbali na walowezi. Kiambu, iliyopakana nao ua kwa ua, ilisubiri hadi miaka ya 1950. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliofungua mlango, wakati wa Hali ya Hatari. Na hapo kuna kichekesho kichungu: Thuku mwenyewe alikuja kuwa mkulima wa kahawa.

Wakati huohuo sayansi ilikuwa ikiendelea. Katika maabara ya Scott kule Kabete, wataalamu wa miaka ya 1930 walichagua miti bora na kuipa namba. SL28 na SL34 zilitoka huko. Herufi hizo ni za Scott Laboratories. SL28 ndiyo iliyoipa Kenya sifa ya ile ladha ya waini. Baadaye utafiti ulihamia Ruiru, kwenye shamba la Jacaranda, ambako kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa miaka ya 1940. Kiko hadi leo.

Kisha ugonjwa wa buni, ule unaozifanya zioze zikiwa bado mbichi, ukaja kwa nguvu. Ulikuwa umeonekana Kenya tangu 1922, lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 uliharibu sehemu kubwa ya mazao, na SL28 ilikuwa dhaifu mbele yake. Kupiga dawa mara nyingi kwa msimu kuliwezekana kwa shamba kubwa; mwenye ekari moja Gatundu angetoa wapi pesa? Watafiti wa Ruiru wakaanza kuchanganya mbegu: ladha kutoka kwa SL, ukinzani kutoka kwa jamii nyingine. Mwaka 1985 wakatoa mti mfupi uliokinza ugonjwa huo na kutu ya majani. Kwenye hekta moja unaweza kupanda takriban miti 2,500, karibu mara mbili ya ile ya zamani. Mbegu zake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Wakaupa jina Ruiru 11.

Hapo ndipo swali la nani anaonja lilipojitokeza wazi. Baadhi ya wanunuzi walisema Ruiru 11 haifikii SL28 kikombeni. Maneno hayo yalitosha kuwatia wakulima wasiwasi, kwa sababu bei ilitegemea ulimi wa mnunuzi. Mkulima hakuwa na la kujibu. Angejibuje? Yeye alipeleka buni kiwandani, zikamenywa, zikachachushwa, zikaoshwa na kuanikwa kwenye vitanda vya juani. Zikaenda kukobolewa, zikapangwa kwa ukubwa, AA, AB na kuendelea, halafu zikapelekwa mnadani Nairobi. Wanunuzi na mawakala ndio waliokuwa na chumba cha kuonjea.

Kuonja kwenyewe si uchawi. Unasaga kahawa, unaweka kiasi kilekile kwenye kila bakuli, unamimina maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka. Unasubiri dakika nne, unavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua iko karibu. Kisha unavuta kwa sauti, sluup, ili kahawa itapakae mdomo mzima, na unatema. Ni kama wanavyofanya na mvinyo. Mtoto yeyote wa mtaa anaweza kujifunza. Lakini kwa miongo mingi elimu hiyo ilikaa na watu wachache, na kahawa yote ilipita mikononi mwa Bodi ya Kahawa, hadi sheria ya 2001 ilipolegeza mfumo huo. Mnadani, mnunuzi alijua kila fungu limetoka wapi. Likishapanda meli, mara nyingi lilikuwa Kenya tu, na wakaangaji wa Ulaya walilitia kwenye mchanganyiko wao kuupa uhai. Yaani lilifanya kazi ileile ya mvinyo wa kusini mwa Italia.

Sasa angalia tarehe. Julai 1963, Italia ilipitisha sheria ya kulinda majina ya mvinyo kulingana na mahali unapotoka. Desemba 1963, Kenya ikapata uhuru. Nchi moja ilianza kuandika majina ya vijiji vyake kwenye chupa. Nyingine ilirithi mfumo uliopanga kahawa kwa ukubwa wa punje, na ikauendeleza. Kwa muda haikuonekana kama kosa. Jalidi ya Brazili ya 1975 ilipandisha bei, na pesa za kahawa zikajenga nyumba za mawe na kulipa karo Kiambu nzima. Msimu wa 1987/88 nchi ilitoa karibu tani 130,000. Mwaka uliofuata, Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliogawa mauzo kwa mafungu ulivunjika, bei ikaanguka, na mkulima asiye na jina hakuwa na cha kumtofautisha na mwingine. Siku hizi nchi huzalisha chini ya nusu ya kiasi hicho.

Halafu barabara ikapanuliwa. Tatu City ilizinduliwa 2010 kwenye maelfu ya ekari za kahawa hapo Ruiru, na Thika Road mpya ikakamilika 2012. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, mji wa Ruiru ulikua kutoka watu karibu 240,000 hadi karibu 490,000. Wengi wetu tumo kwenye hesabu hiyo. Keja zetu zimesimama mahali palipokuwa na mistari ya miti. Tusijifanye wakali: mwenye nusu ekari akilinganisha malipo ya buni na kodi ya vyumba sita, anajua hesabu inaelekea wapi. Watu wanahitaji pa kulala. Wanachopoteza, ila hawaambiwi, ni kwamba ardhi hiyo ilikuwa na ladha yake, na ladha hairudi ukishamwaga zege.

Vulture haikuokolewa na huruma. Iliokolewa na watu waliokataa kuuza mvinyo bila jina, wakaanza kuujaza kwenye chupa zao wenyewe, na wakafungua milango ili mgeni aonje pale pale ulipotengenezwa. Hayo yote yanawezekana hapa, na mengine yameanza. Kuna mashamba Kiambu yanayopokea wageni na kuwaonjesha. Kuna vijana wanaokaanga na kufunga kahawa ya shamba moja, jina likiwa mbele. Ruiru imetoa pia Batian, mti wa 2010 uliopewa jina la kilele cha Mlima Kenya, wenye ukinzani na ladha iliyokaribia SL28. Na kwenye mikahawa ya London au Tokyo, pakiti ya kahawa ya Kenya huandikwa aina za miti: SL28, SL34, Ruiru 11. Mnywaji wa kule anasoma jina la mji wetu na hajui kama ni mji. Sisi tunaujua mji, na hatujui kama ni kahawa.

Kwa hiyo Jumamosi moja, badala ya kupita tu, shuka. Tafuta shamba ama fakitori ya ushirika, uliza kahawa ilitoka mteremko gani na ni mti upi. Onja ya SL28 na ya Ruiru 11 kando kwa kando, bila sukari wala maziwa, uamue mwenyewe kama wale wanunuzi walisema kweli. Na ukikaa kwenye mkahawa mjini na kulipa bei ya chakula cha mchana kwa kikombe kimoja, muulize anayekuhudumia imetoka kiwanda gani. Akishindwa kujibu, muulize tena wiki ijayo. Jina hulindwa na watu wanaoliulizia.