Hoi An: Merikebu Ziliondoka, Nyumba Zikabaki

Ndani ya nyumba ya Tan Ky, katika mji mkongwe wa Hoi An, katikati ya Vietnam, dari ina tundu la mraba. Mto Thu Bon unapofurika, jambo la kawaida huko kati ya Oktoba na Desemba, wenye nyumba hupitisha meza, viti na vyombo vyao kwenye tundu hilo kwa kamba na kapi hadi ghorofani, kisha hungoja maji yashuke. Ukutani wameweka alama za mafuriko ya miaka mbalimbali, na ile ya 1964 ni miongoni mwa zilizo juu kabisa.

Nyumba hii imekaliwa na ukoo mmoja kwa zaidi ya miaka 200. Ni nyembamba mbele, lakini ni ndefu kiasi cha kutokea mtaa wa pili: mlango mmoja uko barabara ya Nguyen Thai Hoc, mwingine unatazama mto. Bidhaa ziliingia kwa nyuma kutoka majahazini, zikahifadhiwa ghalani, zikauzwa dukani mbele. Katikati kuna ua usioezekwa, unaoleta mwanga na hewa. Nguzo za mbao zimekalishwa juu ya mawe ili unyevu usizile. Kwenye baadhi ya nguzo hizo kuna beti za Kichina zilizonakshiwa kwa lulumizi, na ukisogea karibu unaona kwamba kila mchoro wa herufi ni ndege anayeruka. Fundi aliyefanya kazi hiyo hakuwa na haraka.

Msomaji wa Lamu au Unguja ataielewa Hoi An upesi, kwa kuwa nayo iliishi kwa kaskazi na kusi. Merikebu za Wachina na Wajapani zilisukumwa na kaskazi mwanzoni mwa mwaka, zikasubiri kusi ndipo zirudi makwao. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyojenga mji. Wageni walipanga nyumba, wakaoa, wakazaa, wakawa na mitaa yao.

Mbona wakaenda Hoi An na si kwingineko? Mwaka 1558 Nguyen Hoang alipelekwa kutawala maeneo ya kusini, na ukoo wake baadaye ukaingia vitani na watawala wa Trinh wa kaskazini. Ukoo wa Nguyen ulihitaji fedha na silaha, hivyo ukawafungulia wageni mlango. Wakati huohuo, dola ya Ming ilikuwa imewazuia Wachina kufanya biashara moja kwa moja na Japani. Pande hizo mbili zikalazimika kukutana bandari ya tatu: Mjapani alileta fedha na shaba, Mchina alileta hariri. Wenyeji nao walikuwa na mdalasini, pilipili manga na udi wa misitu ya milimani, uliosifiwa Asia nzima.

Uhusiano ulikuwa wa karibu kiasi kwamba mwaka 1619 Araki Sotaro, mfanyabiashara wa Nagasaki, alioa binti wa ukoo huo wa Nguyen. Lakini mwaka 1635 watawala wa Japani walipiga marufuku raia wao kusafiri ng'ambo, na mtaa wa Wajapani ukaanza kufifia. Kaburi la mmoja wao, Tani Yajirobei, aliyefariki 1647, bado liko mashambani nje ya mji.

Alama yao kubwa zaidi ni daraja lenye paa, ambalo mwaka 1719 mtawala Nguyen Phuc Chu alilipa jina la kuwakaribisha wanaotoka mbali. Ncha moja ina sanamu za mbwa, ya pili za nyani. Wafaransa, walipokuwa wakitawala, walilisawazisha sakafu ili magari yapite, na mgongo wake wa upinde ukarudishwa mwaka 1986. Mwishoni mwa 2022 lilianza kufumuliwa kwa matengenezo makubwa, na lilipofunguliwa tena Agosti 2024 wengi walilalamika kwamba rangi yake imekuwa mpya mno. Nawaelewa, ila nasimama na mafundi. Rangi itafifia kwa jua na mvua, lakini boriti iliyooza haijirudishi yenyewe.

Wachina walibaki. Baada ya dola ya Ming kuanguka mwaka 1644, wakimbizi wake waliongezeka, na kila jamii ikajenga ukumbi wake. Ule wa watu wa Fujian umewekwa chini ya Thien Hau, mlinzi wa mabaharia. Ule wa Hainan una habari ya uchungu. Mwaka 1851 wafanyabiashara 108 wa jamii hiyo waliuawa baharini na wanajeshi waliodai kuwa watu hao ni maharamia. Uongo ulipogundulika, mfalme Tu Duc aliwaadhibu wauaji na kuwasafisha marehemu majina. Mpaka leo wanafukiziwa ubani humo.

Kilichoiua bandari ni vita na mchanga. Uasi wa Tay Son uliuharibu sana mji katika miaka ya 1770. Kisha mto ukajaa mchanga, merikebu kubwa zikashindwa kuingia, na Da Nang, iliyo kilomita 30 hivi kaskazini, ikachukua biashara yote chini ya Wafaransa. Hoi An ikafukarika, na ufukara ukaiokoa: hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa nyumba ya babu ili ajenge ya saruji. Katika miaka ya 1980 msanifu majengo wa Poland, Kazimierz Kwiatkowski, akaanza kuwahimiza viongozi wailinde. Alifariki mwaka 1997 mjini Hue, miaka miwili kabla UNESCO haijauandika mji huo kwenye Urithi wa Dunia, ukiwa na majengo 1,107 ya mbao. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulifuata mwaka 2000, Lamu mwaka 2001.

Leo kinachoitishia Hoi An si vita wala mchanga, ni wateja. Nyumba nyingi zimekodishwa kwa washonaji na wauza taa za hariri, na wenyewe wamehamia nje ya mji mkongwe. Paa linakarabatiwa, kuta zinapakwa rangi, lakini usiku hakuna anayelala humo. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa kuliko mafuriko, maana alama za maji ukutani ziliwekwa na watu waliokuwemo, na tundu la dari linahitaji mikono ya kuvuta kamba.

Tiketi ya kuingia mji mkongwe humruhusu mgeni kuchagua majengo machache tu. Ukibahatika kufika, anza na nyumba ambazo wenyewe bado wamo, na uwaulize habari zake.