"Kwetu kuko namna gani?": namna tulivyotafuta habari za njia na vijiji



Katika ofisi yetu swali tunalosikia kuliko mengine yote ni hili: "Kwetu kuko namna gani?" Mutu mmoja anauliza juu ya Oicha, mwingine Mbau, mwingine Eringeti ao Mayi-Moya. Haulizi ili ajue tu. Anauliza juu kesho anataka kupakia watoto kwenye pikipiki arudi kwa shamba lake la kakao. Akipewa jibu la uongo, linaweza kumuua.

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa fonii. Butembo ni muji wa biashara, na wafanyabiashara walihitaji kujua bei na hali ya njia kabla ya kutuma gari. Ulifika kwenye nyumba ya fonii, ukalipa, ukangoja zamu, ukapaza sauti. Yule wa upande wa pili alitaja yuko wapi na anaona nini, na wote waliokaa kwenye benchi walisikia. Siri haikuwako. Lakini mwenye kudanganya alijulikana siku ile ile, na jibu lilikuwa la leo, si la mwezi uliopita. Kwenye parkingi pia, dereva aliyefika kutoka Beni, kilometa 54 tu, aliulizwa kabla hajazima moteri.

Radio Okapi ilianza kusema tarehe 25 Februari 2002, na miaka ile simu za mukono zikaingia. Radio ilitupa habari za inchi. Haikuweza kutuambia kama choroko ya mama fulani ingali shambani. Hayo tulipigiana simu wenyewe.

Mauaji yalipoanza katika territwari ya Beni, Oktoba 2014, tulitawanyika. Halafu simu zenye WhatsApp zikaenea, na kila kartie, kila parokia, kila shule ya zamani ikajifungulia kikundi chake. Hakuna mukubwa wa vikundi hivyo vyote. Na karibu kila mara, katika kimojawapo, iko mutu aliye kule, mwenye jibu. Shida ni kumupata.

Ebola ilituonyesha shida hiyo wazi. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina, na ukaisha tarehe 25 Juni 2020; watu 3470 waliugua na 2287 wakafa. Katikati yake, uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa kwetu Beni na Butembo mupaka Machi. Siku ya mwisho ya mwaka ule intaneti ikakatwa katika inchi yote, karibu siku 20. Hebu fikirini: ugonjwa uko mulangoni, na vikundi vyote vimenyamaza.

Wakati wa ugonjwa ule wajitoleaji wa Musalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika maswali na uvumi kama watu walivyousema, kisha yakapangwa kwa habari zake ili mutu atafute na kuona. Swali moja lilirudi sana: tulipochinjwa magari haya yalikuwa wapi, na leo yanakuja kwa sababu ya Ebola? Daktari hakuwa na jibu la swali lile, lakini angalau lilisomwa. Watu waliposema hawaamini kilicho ndani ya mufuko wa maiti, ilitumiwa mifuko yenye kuonyesha ndani. Kwa maoni yetu kazi ile ya kalamu na karatasi haijasifiwa vya kutosha.

Leo vijana wanatuambia: "Papa, tafuta kwa Google." Tumejaribu. Ukiandika "Beni" peke yake, unaweza kupelekwa Bolivia, juu kule pia kuna jimbo na muto wa jina hilo. Andika "Mayi-Moya", kisha "Maimoya", kisha "Mayimoya": kila namna inaleta habari zake. Ongeza "Nord-Kivu" na mwezi kwa Kifaransa, maana magazeti yetu mengi yanaandika kwa Kifaransa. Kisha angalia tarehe kabla ya kusoma. Mashini haijui kwamba njia iliyofunguka mwaka jana imefungwa leo. Na haiingii ndani ya kikundi cha WhatsApp cha kartie. Zaidi ya yote, watu wetu hawaandiki, wanasema. Jibu zuri kabisa linakuwa sauti ya dakika tatu kwa Kinande, na kesho yake limezikwa chini ya sauti mia mbili za pole na hongera.

Inatupasa kusema kosa letu. Sauti moja ilitufikia: "Njia imefunguka, watu wamerudi, mukuje." Tuliipitisha. Jamaa moja ya shirika letu ikafunga mizigo. Walipofika walikuta milango imefungwa na hakuna moshi hata kwa nyumba moja. Walilala porini usiku mbili na mutoto mwenye homa, wakarudi kwa miguu. Aliyesema hakudanganya. Alisema kweli, miezi minne mbele yake. Katika sauti ile hakutaja siku, na sisi hatukuuliza.

Tangu pale tuko na daftari. Kila sauti inayotaja kijiji, mama mmoja wa ofisi anaisikiliza na kuiandika: mahali (na namna zote za kuandika jina lake), siku iliyoonwa, kama musemaji aliona kwa macho ao aliambiwa. Jina lake hatuandiki, maana daftari linaweza kuanguka katika mikono mibaya. Kisha anayaandika tena katika simu ya ofisi, ili neno lipatikane kwa kutafuta. Wafadhili wanaotuuliza falanga za mega na za kalamu zinaenda wapi, zinaenda pale.

Alhamisi iliyopita muzee mmoja aliuliza juu ya kijiji chake. Katika simu tulikuta mistari mitatu. Wa mwisho ulikuwa wa siku mbili mbele: shule inafundisha, wanaume wanalima muchana, usiku wote wanarudi kulala kwenye barabara kubwa. Akauliza, "Aliona kwa macho?" Tukamujibu ndiyo. Akasema basi atatangulia yeye, wajukuu wangoje.