Nani Bwana wa Kazi? Wajenzi wa Kujitolea katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Siku hizi si ajabu kuona kikundi cha wageni kutoka Ulaya au Marekani wakishuka katika kijiji cha Tanzania, wakakaa wiki mbili, wakasaidia kuijengea jamaa moja nyumba, kisha wakarudi kwao. Nauli wamejilipia wenyewe na ujira hawadai. Wapo wanaowasifu kupita kiasi, na wapo wanaowacheka kwamba hata udongo hawajui kuukanda. Mimi sioni faida ya sifa wala ya kicheko kabla hatujauliza swali la historia: katika nchi ambako nyumba zimejengwa kwa mikono ya watu wengi tangu kale, mgeni mjenzi aliingia kwa mlango gani, na nani alikuwa bwana wa kazi? Nitaichukua Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, pamoja na nchi ya Songea iliyo jirani, kwa kuwa katika miaka ya 1960 Mbinga ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Songea.

Hatuna budi kuanza na wenyeji. Wamatengo wa milima ya Mbinga wamejulikana mbali kwa kilimo chao cha ngoro, yaani mashimo yachimbwayo kwenye miteremko mikali ili mvua isiuchukue udongo. Kazi hiyo ni nzito, na mtu mmoja haiwezi kwa wakati unaotakiwa. Kwa hiyo wanayo desturi iitwayo ngokela: mwenye shamba huwaita jirani zake, huwaandalia chakula na pombe, nao humfanyia kazi, akiitwa naye, huenda. Nyumba ya nguzo, fito na udongo, huko kama katika sehemu nyingi za bara, ilisimamishwa kwa kanuni iyo hiyo. Msomaji asidhani kwamba hii ilikuwa sadaka. Ilikuwa ni mkopo usioandikwa, na asiyelipa alijulikana. Jambo kubwa ni kwamba aliyeita ndiye aliyeamuru. Mlango uelekee wapi, chumba kiwe na upana gani, hayo hayakuwa shauri la waliokuja kukanda udongo.

Utawala wa Kijerumani uliichafua kanuni hii. Mwaka 1898 ilianza kutozwa kodi ya nyumba, na kwa hiyo makao ya mtu yakawa kitu cha kuhesabiwa na karani. Kazi za njia na za uchukuzi nazo zilifanywa na watu wengi pamoja, lakini kwa kushurutishwa. Tangu hapo mtu akiitwa kwenye kazi ya pamoja ilimpasa aulize kwanza ni nani anayeita. Swali hilo halijaisha maana yake hata leo.

Wakati huo wageni wa namna nyingine walikuwa wamekwisha fika ziwani. Wamisionari wa UMCA walifanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yao makuu mwaka 1885, na kutoka huko wakavuka mara kwa mara kuja mwambao wa mashariki. Hawa hawakupokea mshahara, ila posho ndogo tu, na kwa maana hiyo walikuwa watu wa kujitolea kabla neno halijapata umaarufu wake. Mashuhuri kati yao ni William Percival Johnson, aliyefika Afrika mwaka 1876, akaendelea na kazi ziwani ingawa macho yake yalikuwa karibu kupofuka, akafariki mwaka 1928 huko Liuli, ambako alizikwa. Miaka 52 si wiki mbili! Hata hivyo, tukitazama ujenzi wenyewe, kanisa kubwa la Likoma lililoanza kujengwa mwaka 1903 lilikuwa na ramani ya mgeni na mikono ya mwenyeji. Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 walijenga kwa namna isiyo mbali na hiyo, lakini waliacha kitu chenye manufaa kuliko majengo yao: ufundi wa uashi na useremala. Fedha ya kahawa, iliyoanza kulimwa Umatengoni katika miaka ya 1920, ilipokutana na ufundi wa namna hiyo, watu waliweza kujijengea nyumba za matofali ya kuchoma kwa jasho lao. Naona nyumba nyingi za Mbinga zina deni kwa mbuni kuliko kwa mfadhili yeyote.

Desturi ya vikundi vya wageni kwenda nchi nyingine kujenga nyumba za watu ilianza Ulaya, na mwanzo wake una fundisho. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole alikusanya watu wachache, Wajerumani wakiwamo, wakaenda Esnes, kijiji cha Ufaransa kilichobomolewa katika vita vya Verdun, wakawajengea wenyeji makao. Kazi ilikuwa njema na nia ilikuwa safi, lakini mwaka 1921 iliwapasa kuondoka, kwa maana mahali pale Wajerumani hawakutakiwa. Nyumba zilihitajiwa, wajenzi hawakukubaliwa. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, Mmarekani Millard Fuller alijenga nyumba huko Mbandaka, Kongo, kwa njia tofauti: wenye nyumba walizilipia polepole bila riba, na fedha hiyo ikajenga nyumba za wengine. Kutokana na kazi hiyo alianzisha Habitat for Humanity mwaka 1976, chama kilichofika Tanzania mwaka 1986. Msomaji ataona kwamba deni, lile la ngokela, limerudi kwa sura ya fedha. Kwangu hilo si aibu. Mtu anayelipa ana haki ya kusema mlango uelekee wapi.

Lakini mfano ulio bora sikuuona Mbandaka. Uko Litowa, karibu na Peramiho. Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League walikwenda huko kuanzisha kijiji chao. Mara ya kwanza walishindwa. Mwaka 1961 wakarudi, wakadumu. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Mwingereza Ralph Ibbott, mkadiriaji majenzi kwa kazi yake, alikuja kuishi nao mwaka 1963 pamoja na jamaa yake, akiwa mshauri. Ushauri wake ulipelekwa mkutanoni, na mkutano ndio ulioamua. Vijiji vingine viliungana na Litowa katika chama kilichoitwa Ruvuma Development Association, na Litowa ilipata shule ya watoto wa vijiji hivyo. Nyerere alikisifu chama hicho, na mawazo yake juu ya ujamaa vijijini hayawezi kuelezwa vizuri bila ya kukitaja.

Watu waliojiamulia mambo yao hawakupendwa na viongozi wote. Mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama. Mali yake ilichukuliwa, na wageni wakaambiwa waondoke. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kukaa vijijini si hiari tena bali ni amri, na watu wengi nchini wakajenga nyumba upya katika viwanja walivyoonyeshwa na wengine. Hapo kazi ya pamoja ilirudia sura ya mwaka 1898, ingawa waliotoa amri sasa walikuwa wenzetu.

Ibbott alirudi Uingereza. Matetereka, mojawapo ya vijiji vya chama kile, kiliendelea kulima na kumiliki mali kwa pamoja, pasipo chama na pasipo mgeni, hadi miaka ya 1990.