Kuacha Kazi ya Reli katika Bonde la Kilombero: Aina na Sababu Zake

Kuacha kazi ni kukoma kwa ajira kwa uamuzi wa mfanyakazi mwenyewe. Kwenye reli ya TAZARA, iunganishayo Tanzania na Zambia na ambayo ndani ya Bonde la Kilombero hupita Mang'ula, Kiberege, Ifakara, Mbingu, Ruipa, Mngeta, Chita na Mlimba, jambo hili huchanganywa na mengine manne yasiyohusiana nalo. Kustaafu hufuata umri: miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Kupunguzwa ni uamuzi wa mwajiri, kama ilivyotokea miaka ya 1990 idadi ya watumishi iliposhushwa sana. Kufukuzwa ni adhabu. Mgomo nao ni kinyume kabisa cha kuacha, kwa kuwa mgomaji huweka zana chini akidai haki ndani ya kazi anayotaka kuendelea nayo.

Baada ya kuyatenga hayo, kuacha kazi kwenyewe kuna sura tatu. Ya kwanza ni kuacha kwa notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka anayelipwa kwa mwezi kutoa notisi isiyopungua siku 28. Ya pili ni utoro: mtu haonekani kazini, wala haachi barua. Ya tatu ni kuacha kwa hatua, ambayo ndiyo hasa ya Kilombero na itaelezwa chini.

Sababu ya kwanza ya kuacha ni ugumu wa kazi yenyewe. Utoro ulikuwapo tangu enzi ya ujenzi wa reli, kati ya 1970 na 1975. Vijana walioajiriwa kutoka mikoa mbalimbali, wengine wakipitia Jeshi la Kujenga Taifa, walishushwa kwenye makambi yenye mbu, nyoka na simba, ambako masika hugeuza uwanda kuwa ziwa. Waliovumilia uwanda walikutana na mlima. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye urefu wa kilomita zipatazo 157, kilidai mahandaki 18 pamoja na madaraja mengi, likiwamo la Mpanga lenye nguzo za mita 50. Kazi ya handakini ilikwenda kwa zamu usiku na mchana, gizani, katika maji na baridi, na hofu ya kufukiwa na mwamba haikuwa ya kubuni. Kumwita mvivu aliyeondoka pale ni kumdhulumu.

Sababu ya pili, ambayo kwa uzito inastahili kuwa ya kwanza, ni ardhi. Reli ilifungua bonde. Kati ya 1973 na 1976 vijiji vya ujamaa vilipangwa kando yake, na treni ya abiria ikawapatia wakulima njia ya kupeleka mpunga na ndizi sokoni. Wapo waliokuwa wajenzi waliohesabu faida hiyo mapema wakabaki Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba kama wakulima na wafanyabiashara. Hapa reli ilimwajiri mtu na wakati huohuo ikampa pa kwenda asipoitaka tena.

Mvutano wa kazi na shamba huonekana wazi zaidi kwa mtu wa genge, yaani kikosi kinachotunza kipande cha njia. Kazi yake ni kushindilia kokoto chini ya mataruma, kukaza vifungio, kufyeka nyasi na kuzibua makalvati. Mvua kubwa za Machi hadi Mei ndizo zinazokula tuta la reli, hivyo ndipo genge huhitajika kwa ukamilifu wake. Miezi hiyohiyo mpunga huanza kutoa masuke, na shamba lisiloamiwa ndege linaweza kumalizwa katika siku chache. Anayeshika beleshi relini Aprili anajua hasara inayomngoja nyumbani. Mshahara ukifika kwa wakati, humlipa kibarua wa kuamia; usipofika, hesabu hubadilika.

Nao ulichelewa. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba takriban tani 88,000 tu mwaka 2014/15, na katika miaka hiyo malimbikizo ya mishahara yalizaa mgomo baada ya mgomo. Mshahara mdogo na mshahara usiolipwa ni mambo mawili tofauti: mdogo mtu hupanga nao maisha, usiolipwa humwingiza kwenye deni la duka, la ada na la hospitali. Mfanyakazi hawezi kutakiwa uaminifu ambao mwajiri wake hakuuonyesha siku ya malipo.

Kwa mafundi wa injini, umeme na mawasiliano sababu ni nyingine. Ujuzi wao una soko viwandani, migodini na, tangu ujenzi wake ulipoanza mwaka 2017, kwenye reli ya kisasa (SGR). Hao ndio huacha kwa notisi, kwa sababu wanahitaji barua safi ya utumishi.

Kinachowachelewesha wengi ni nyumba. Kwenye stesheni kuna nyumba za shirika, na anayeacha kazi hukabidhi ufunguo. Kutokana na hilo huja ile sura ya tatu: mke na watoto hutangulia shambani, kisha hununuliwa kiwanja Ifakara au Mlimba, tofali huchomwa, bati huezekwa, na barua ya kuacha kazi huandikwa mwisho kabisa, baada ya misimu kadhaa ya mpunga. Kwa mwajiri huonekana kama uamuzi wa ghafla. Anayeondoka hivyo aghalabu ni mkongwe wa genge, anayejua kalvati lipi huziba kwanza na ni wapi tuta huanza kumeguka maji yanapopanda. Mrithi wake hujifunza hayo masika yenyewe yakiwa yameshaingia.