Nani Alisema Sinema ni ya Kukaa Kimya?

Stima ilizimwa dakika ya arobaini. Haikuwa ile ya kupotea mtaa mzima, zima-washa tuliyoizoea. Ilizimwa na mtu, kwa mkono wake, kwa hasira.

Tulikuwa watu arobaini na kitu kwenye ukumbi mdogo Eastlands, wote tumevaa kama maharamia. Lesso zimefungwa kichwani, vitambaa vyeusi juu ya jicho moja, mapanga ya kadibodi yaliyopakwa rangi ya fedha. Kwenye ukuta tulikuwa tunaonyesha ile Pirates of the Caribbean ya kwanza, ya 2003. Kila Jack Sparrow akitokea watu wanapiga miluzi. Kila askari wa Mwingereza akitokea wanazomea. Mizinga ikilia, kila mtu anapiga sakafu na miguu. Nilikuwa nimesimama nyuma nikifikiria, maze, hii kitu imeshika.

Halafu giza. Mwenye ukumbi akaingia na tochi ya simu na kusema maneno ambayo sijayasahau: "Sinema inaangaliwa kimya. Mkitaka kelele endeni uwanjani."

Pesa ya ukumbi haikurudi. Elfu sita, na wengi wenu mnajua tangu niache chuo mwaka wa pili, elfu sita kwangu si ya mchezo. Mamangu aliposikia aliuliza swali moja tu: "Kwani uliacha degree ukacheze kalongo na watu wazima?" Sikuwa na jibu. Kwa hivyo nikakaa chini nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kitu kimoja: hiyo sheria ya kukaa kimya ilitoka wapi?

Nikagundua sheria yenyewe ni changa kuliko kelele.

Sinema ilizaliwa na kelele

Turudi Marekani, mwaka wa 1905. Mjini Pittsburgh, jamaa anaitwa Harry Davis anafungua ukumbi wa picha kwenye duka la kawaida. Kiingilio ni senti tano, na sarafu ya senti tano wanaiita nickel, kwa hivyo ukumbi ukaitwa Nickelodeon. Ndani ya miaka michache kumbi za aina hiyo zimejaa miji yote. Wateja ni wafanyakazi wa viwanda na wahamiaji, wengine hata Kiingereza hawajakijua vizuri. Picha hazina sauti. Unafikiri walikuwa wanakaa kama wako kanisani? Walikuwa wanaongea, wanakula, wanasomeana maandishi ya kwenye skrini. Na kati ya filamu moja na nyingine palikuwa na nyimbo zenye picha, ambapo ukumbi mzima unaalikwa kuimba kiitikio.

Japani nao walikuwa na benshi. Huyo ni mtu anayesimama kando ya skrini akisimulia filamu moja kwa moja na kuigiza sauti za wahusika wote. Benshi mkali alikuwa na mashabiki wake. Watu walienda kumsikiliza yeye, si kumwona mwigizaji wa Hollywood.

Sasa niambie hiyo haikukumbushi mtu. Ndio, DJ Afro. Kama ulikulia mtaani unajua kile kibanda cha video: mabati, benchi za mbao, pazia nene mlangoni, mbao moja unaingia. Muvi ni ya Kihindi au ya Kichina, lakini sauti ni ya DJ Afro akikueleza kwa Kiswahili nani ni starring na nani atakufa. Na watu hawakai kimya. Wanamwonya starring kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Majirani zetu Uganda wana VJ wao, Tanzania wana wao. Tulidhani hiyo ni tabia ya mtaa, ushamba wa watu wasiojua kukaa sinema. Kumbe ni desturi ya zamani kabisa ya sinema yenyewe.

Na hata hapa kwetu haikuanzia vibandani. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza walikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walipiga filamu, wakazipakia kwenye lori, wakazungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na zaidi. Filamu zilikuwa za kufundisha: kilimo, afya, hata kulipa kodi. Maelezo yaliwekwa kwa lugha za watu. Baadaye yakaja magari ya sinema ya serikali yenye mfasiri wa kuwaeleza watu wanachoona. Serikali ilitaka watu wapokee somo. Lakini ukiweka mfasiri na kipaza sauti mbele ya umati, ushafungua mazungumzo, upende usipende.

Kimya kilikujaje?

Kilikuja polepole. Sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, ukiongea unamfunika mwigizaji, jirani anakukasirikia. Halafu wenye kumbi walitaka wateja wenye pesa, wakajenga majumba makubwa yenye mazulia na wahudumu wa sare. Mwaka wa 1960 Alfred Hitchcock alipotoa Psycho alisisitiza kwamba hakuna mtu kuingia filamu ikishaanza. Leo tunaona ni kawaida. Wakati ule watu walikuwa wamezoea kuingia katikati na kutoka wanapotaka.

Kwa hivyo kimya ni adabu iliyofundishwa, na ilifundishwa pamoja na bei ya tikiti. Nairobi unaiona wazi. Sinema ya mall, kiingilio ni pesa ya chakula ya siku mbili, na ukicheka sana unageukiwa. Kibanda, kiingilio ni mbao, na ukinyamaza wanakuuliza kama uko mgonjwa.

Walioasi

Mwaka wa 1975 ilitoka filamu inaitwa The Rocky Horror Picture Show. Muziki, vichekesho, mambo ya kutisha, nguo za ajabu. Ilianguka vibaya, karibu kila mahali. Lakini tarehe 1 Aprili 1976 ukumbi wa Waverly mjini New York ukaanza kuionyesha saa sita usiku. Watu walewale wakarudi kila wiki. Kwa sababu walishaijua kwa moyo, wakaanza kuijibu skrini. Baadaye wakaja wamevaa kama wahusika. Kwenye harusi wanarusha mchele, mvua ikinyesha wanafunika vichwa na magazeti huku wengine wakiwanyunyizia maji. Mwishowe wengine wakawa wanaigiza mbele ya skrini, sambamba na filamu. Sal Piro, mmoja wa hao mashabiki wa mwanzo, ndiye aliyekuja kuwa rais wa klabu yao kwa miaka mingi. Filamu hiyo bado inaonyeshwa kumbini mpaka leo.

Sikiliza hiyo tena: filamu iliyoanguka iliokolewa na watazamaji wasionyamaza.

Mwaka wa 1999 ukumbi wa Prince Charles pale London ukafanya The Sound of Music ya kuimba pamoja, watu wakaja wamevaa kama watawa. Huko Texas, kumbi za Alamo Drafthouse zikafanya The Princess Bride, ambayo shujaa wake ni haramia aliyevaa kinyago cheusi, ukumbi mzima ukisema maneno pamoja huku umeshika mapanga ya kupuliza hewa.

Kwa nini maharamia?

Kwa sababu haramia wa sinema tayari ni vazi. Muulize mtoto akuchoree haramia, atachora kitambaa kichwani, hereni na mshipi mpana. Sehemu kubwa ya picha hiyo ilitoka kwa mchoraji Mmarekani Howard Pyle, aliyefariki 1911. Alichanganya mitindo mpaka ikapendeza, na Hollywood ikamfuata. Ule mngurumo wa "arrr" nao hautoki baharini. Unatoka kwa mwigizaji Robert Newton kwenye Treasure Island ya 1950. Alitumia lafudhi ya magharibi mwa Uingereza, nyumbani kwao, na tangu hapo kila haramia duniani ametoka kijiji kimoja naye. Jack Sparrow je? Johnny Depp amesema mwenyewe alimtazama mwanamuziki Keith Richards. Mwaka wa 1995 jamaa wawili Wamarekani wakaamua tarehe 19 Septemba iwe siku ya kuongea kama haramia. Ilikuwa utani wao tu, mpaka mwandishi Dave Barry alipoutangaza 2002.

Kwa ufupi, haramia wa muvi ni mchezo wa kuigiza juu ya mchezo wa kuigiza. Ukivaa lesso na kupiga kelele huharibu historia yoyote, unaongeza tu safu yako.

Lakini hapa kwetu kuna jambo lazima tuliseme. Bahari ya haramia wa kweli ni yetu. Miaka ya 1690 kituo chao kikubwa kilikuwa kisiwa cha Sainte-Marie, kando ya Madagaska. Captain Kidd, aliyenyongwa London 1701, alitia nanga huko. Na kabla yao, miaka ya 1580, alikuja Mturuki Mir Ali Bey. Wareno walimwita haramia. Miji kadhaa ya pwani yetu ilimpokea kama mkombozi, kwa sababu ilikuwa imechoka na Wareno. Walimkamata Mombasa 1589 na kumpeleka Lisbon, na miaka minne baadaye wakaanza kujenga Fort Jesus. Kwa hivyo nani ni haramia? Inategemea nani anasimulia.

Halafu kuna wa juzi. Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa njiani kuja Mombasa na chakula cha msaada. Ndiyo ikawa filamu ya Captain Phillips. Mwaka wa 2010 Kenya ilifungua mahakama maalum pale Shimo la Tewa kusikiliza kesi za aina hiyo. Kuna mabaharia walioshikwa miezi na miezi, na familia zao zilingoja. Ndiyo maana kwetu tuliweka kanuni: tunavaa haramia wa hadithi, hatuvai Msomali. Mtu mmoja alikuja amejipanga kuigiza huyo, tukamwomba abadilishe. Alinuna, lakini alibadilisha. Utani ambao jirani yako wa Eastleigh ndiye kichekesho si utani.

Na sisi je, tulikuwa nani?

Hapa ndipo nilipojikwaa. Kiswahili kina neno moja la wizi wa baharini na wizi wa kazi za sanaa: uharamia. Na mwenye ukumbi, pamoja na hasira zake zote, hakujua kwamba angeweza kutufunga mdomo kwa swali moja tu: hii filamu mmeilipia?

Hatukuwa tumelipia. Tulikuwa na faili tu. Kuangalia muvi kwako sebuleni ni kitu kimoja. Kuionyesha kwa umma na kuchukua kiingilio ni kitu kingine, kinahitaji ruhusa ya mwenye haki, pamoja na kibali cha KFCB. Nilikuwa nimeandaa usiku wa maharamia nikiwa haramia halisi, bila hata lesso. Ukisema watu wa mtaa tumeishi hivyo miaka yote, ni kweli, DVD za River Road zimetulea. Lakini mimi ninalilia watu wakichukua video zangu bila kusema zimetoka wapi. Siwezi kulia upande mmoja.

Kwa hivyo safari hii tunafanya tofauti. Tunaonyesha The Black Pirate ya Douglas Fairbanks. Ni ya 1926, haki zake zimeisha, na ni moja ya filamu ndefu za kwanza za rangi. Jamaa anaona babake akifa mikononi mwa maharamia, anajiunga nao ili alipize kisasi, na kuna mahali anateremka kwenye tanga akilipasua na kisu chake. Ukiona hiyo utasahau kwamba ina karibu miaka mia.

Na ni filamu isiyo na sauti. Ndio maana nimeichagua. Rafiki yangu atasimama kando ya skrini na kipaza sauti, asimulie kwa lugha yetu, kama benshi, kama DJ Afro. Ngoma zitakuwa mawimbi. Watazamaji watakuwa mizinga. Hakuna kurusha mchele, chakula ni ghali. Hakuna panga la chuma. Anayekuja mara ya kwanza anakaa mbele na kufundishwa. Maombi ya kibali tumepeleka, na ukumbi mpya tumemweleza mwenyewe tangu siku ya kwanza kwamba kutakuwa na kelele. Alicheka, akasema babake alikuwa anaendesha kibanda cha video.

Mama bado hajakubali kwamba hii ni kazi. Lakini jana nilimkuta sebuleni anapindua lesso yake ya zamani, akaniuliza, "Hii si ndiyo wanafunganga kichwani?"

Sikumjibu haraka. Nilienda kumtafutia kadibodi ya panga.