Antena ya televisheni ya dijitali (Mkoa wa Mara)

Antena ya televisheni ni kifaa cha chuma kinachonasa mawimbi yanayorushwa na minara ya ardhini na kuyapeleka kwenye king'amuzi kwa waya. Mkoani Mara, kuanzia kata ya Kitaji mjini Musoma hadi Butiama na Bunda, kifaa hicho ndicho kinachoamua kama familia itapata taarifa ya habari ya saa mbili usiku au itakodolea macho kioo cheusi.

Mkataba uliosainiwa Geneva mwaka 2006 uliweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda matangazo ya analojia katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya. Tanzania haikungoja. Dar es Salaam ilizima mitambo ya zamani 31 Desemba 2012, Mwanza ikafuata mapema 2013, na baadaye zamu ikafika Musoma. Ving'amuzi vikajaa madukani, na pamoja navyo maboksi yaliyoandikwa "antena ya dijitali".

Maandishi hayo ni ya kuuzia tu. Antena haijui kama wimbi limebeba analojia au dijitali. Inachojua ni urefu wa wimbi. Televisheni ya ardhini sasa hutumia masafa ya UHF, megahezi 470 hadi 694, ambayo mawimbi yake yana urefu wa kati ya sentimita 64 na 43. Ufito wa kupokelea huwa takribani nusu ya hapo. Kwa hiyo mnunuzi aende dukani na rula: fito za sentimita 20 hadi 30 zinafaa, hata kama antena ni ya enzi za chenga. Zile ndefu za sentimita 75 na kuendelea zilitengenezwa kwa masafa ya VHF.

Aina inayoonekana zaidi juu ya mapaa ni Yagi, iliyokaa kama mgongo wa sato aliyekwisha kuliwa. Ilibuniwa Japani katika miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi. Fito za mbele huelekeza mawimbi, wa nyuma huyarudisha. Kadiri fito za mbele zinavyoongezeka, ndivyo antena inavyovuta kutoka mbali, lakini pia ndivyo inavyodai kulengwa kwa uangalifu. Fito zilale au zisimame kulingana na mnara unavyorusha. Antena ya jirani inayoonyesha vizuri itatoa jibu haraka kuliko kijitabu cha maelekezo.

Kimo kina faida zaidi kuliko ukubwa. Mawimbi ya UHF husafiri karibu kwa mstari mnyoofu, hivyo mviringo wa dunia na vilima huyakata. Mnara wa mita 100 na antena iliyo mita 9 juu ya ardhi, pakiwa tambarare, huonana kwa kilomita 53 hivi. Kutoka Musoma hadi Butiama, kwa mstari wa ndege, ni kama kilomita 35. Hadi Bunda ni kama 60. Kwa mnara kama huo uliosimama Musoma, Butiama ingepata nafasi na Bunda ingekuwa nje, kabla hata ya kuhesabu vilima na majabali.

Antena ndogo ya kuweka juu ya televisheni hufaa karibu na mnara tu, na chini ya bati hupata taabu hata huko. Pesa itumike kwenye bomba refu na waya mzuri wa omu 75. Mita 20 za waya aina ya RG6 hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi, na waya mwembamba wa bei poa hupoteza zaidi. Busta nayo hukuza kelele pamoja na picha, kwa hiyo ikihitajika ifungwe juu, jirani na antena. Nyuma ya king'amuzi imechelewa. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo bomba la chuma lazima liunganishwe na ardhi.

Dijitali haina chenga. Picha huwa safi, kisha hugandaganda, kisha hutoweka kabisa. Anayelenga atazame kipimo cha ubora kwenye menyu ya king'amuzi, si cha nguvu peke yake, na ageuze antena kidogokidogo.

Mnara usipofika, hubaki dishi. Mjini Musoma dishi la Azam hutazama magharibi, upande wa setilaiti ya nyuzi 7 Mashariki, ilhali setilaiti ya DStv, nyuzi 36, iko karibu utosini. Lakini dishi halikuwa kinga ya kila kitu. Agosti 2018, baada ya agizo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chaneli kadhaa za ndani zisizolipiwa, ITV ikiwamo, ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya setilaiti. Mwenye dishi pekee akalazimika kutafuta king'amuzi cha antena.